Duara Jekundu Kwenye Ukuta wa Ghala

Jumamosi, katikati ya Mei, 2009. Mvua na jasho kwa pamoja. Guangzhou haijui kuchagua.

Naandika nikiwa nimekalia robota la nguo za watoto, kwa sababu kiti chenyewe kiko chini ya mengine. Chumba changu hapa Xiaobei ni cha mtu mmoja na sufuria moja, na tangu jana kimebeba ghala zima. Mlango unafunguka nusu. Kwa tumbo hili nililonalo, naingia ubavu kama kaa.

Ghala limebomolewa.

Ngoja nianze mwanzo, maana mwenye hasira huanzia katikati, halafu anashangaa kwa nini hakuna anayemwelewa.

Tangu Machi nilikuwa nimepanga kighala ukingoni mwa kijito. Si ule mto mkubwa wa meli na taa. Ni kijito kimojawapo kinachoumwagia maji, cheusi, chenye harufu ya kumwamsha aliyezimia. Mvua ikikaza, maji yalikuwa yanaingia ndani bila kupiga hodi. Lakini kodi ilikuwa rafiki, na aliyenipatia alikuwa Elia.

Elia ni kijana wa Singida. Alikuja huku kusoma, akamaliza, akabaki kuwa mdomo wetu sisi wafanyabiashara. Mimi Kichina changu kinaishia kwenye kusema "ghali mno" na kuondoka kwa madaha, nikiomba Mungu niitwe nirudi. Elia ndiye hunipeleka Shisanhang kwenye nguo na Yide Lu kwenye mabegi ya shule, ananisemea, anacheka na mabosi, tunatoka na bei ya ndugu. Hapa hana mtu wa damu, na wajomba wa nyumbani walishafariki, hivyo aliniita mjomba, nami nikapokea kwa mikono miwili. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anakula ugali kwangu.

Ndiyo maana aliponiomba niwe mshenga wake, sikuuliza mara mbili. Binti yuko nyumbani Singida, ni muuguzi. Wajomba wa kweli wangekuwepo, wangetumwa wao. Guangzhou hakuna wajomba, kuna wauza mabegi.

Nilimpigia baba wa binti, nikajieleza kwa heshima zote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wewe una binti?" Nikamwambia ninaye, Neema. "Huyo kijana, ungempa Neema?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanikatiza: "Usinijibu leo. Utanijibu siku ya kutaja mahari."

Siku hiyo ni kesho.

Turudi ghalani. Elia alisema amepata nafasi ghorofani, kwenye jengo la maduka la Tianxiu, na lile la kijitoni ananiachia mimi kwa kuwa mimi ndiye mjomba. Nikampa kilemba chake, ile fedha ya kuachiwa chumba, nikamshukuru juu. Siku ya kukabidhiwa funguo nikaona ukutani pamechorwa duara kubwa jekundu, ndani yake herufi ya Kichina. Nikauliza ni nini.

"Ya ukaguzi hiyo, mjomba. Ghala limepita."

Sasa, Mtanzania yeyote anajua rangi nyekundu ukutani. Kwetu balaa huja kwa X. Nyumba ikipigwa X, unaanza kufungasha, huku ukitafuta mwanasheria usiyeweza kumlipa. Ningeona X pale ningekimbia, funguo ningewarudishia kwa posta. Lakini duara? Duara lina upole wake. Nikaridhika kabisa. Nikawa nawaelekeza madereva: njoo mpaka mlango wenye duara jekundu. Nilipoona safu nzima ina maduara, nilimpongeza hata jirani yangu Mama Béa, Mkongo wa Lubumbashi anayenunua viatu: "Tumepita wote, mama." Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mchekeshaji.

Jana nilirudi kutoka Yide Lu na mabegi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, nikakuta tingatinga mwisho wa safu, linakula ukuta wa kwanza. Mama Béa alikuwa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Ghala lake lilikuwa tupu.

"Papa, bintu yako iko mule bado?"

Nikamwambia mali yangu imo yote.

"Nilizania unachelewa juu uko na fasi ingine ya kuweka." Akanitazama vizuri, akaacha kutabasamu. "Haukujua?"

Akanieleza palepale, kwa haraka, huku tunavuka. Februari, nilipokuwa nyumbani Kilosa, wapangaji wa kijitoni waliitwa mkutano. Watu wa mji wakasoma kanuni: ukingo wa kijito unalindwa. Kuanzia majini mpaka barabarani hakutakuwa na ghala, kibanda wala jalala. Itapandwa miti, itawekwa njia ya miguu, na maji yatapata pa kutanukia mvua zikija. Kila jengo lililomo kwenye ukanda huo litachorwa duara, na lenye duara litabomolewa.

Nikamuuliza nani aliwatafsiria.

"Si ni Elia wako? Alisimama mbele yetu, akatuelezea muzuri, mpaka tukamupigia makofi."

Nikaingia ndani, nikashika robota la kwanza. Tulibeba. Mwenye ghala, Mama Liang, mwembamba kama fimbo ya kudekia, alibeba marobota pamoja nami kwenye mvua, huku akirudia neno moja na kuninyooshea kidole kifuani. Mama Béa, kwa Kichina chake cha sokoni, akanitafsiria: anasema mpwa wako aliahidi kwamba atakwambia. Dereva wa tingatinga alitusubiri, akavuta sigara yake taratibu. Ndiye mtu pekee niliyemwona mstaarabu jana, ukiacha wanawake hao wawili.

Na kinachonichoma ni hiki. Kanuni yenyewe naipenda.

Kwetu Kilosa, alipokuja ofisa kwenye mkutano wa kijiji kusema mita sitini toka ukingo wa Mkondoa asilime mtu wala asijenge, watu walimzomea. Mimi nilisimama upande wake. Nikasema mto ukinyimwa pa kupita, utapita chumbani. Shemeji yangu, ambaye vitunguu vyake vilikuwa vinakunywa maji mtoni kwa mdomo, hakunigawia hata kimoja msimu ule. Hadithi hiyo nimemsimulia Elia nadhani kila Jumapili, mpaka akawa anaimalizia yeye. Alijua fika kwamba ningeambiwa, ningehama huku nikiwapigia makofi.

Hakuniambia.

Alikuja jana jioni na mwavuli unaovuja, akasimama hapo mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Mjomba, samahani. Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Mahari ikishapita."

Ndipo nikaelewa kilemba changu kilikwenda wapi. Kesho, kwa sauti yangu ya ushenga, nilikuwa niitangaze fedha yangu mwenyewe na kuisifia.

Nikamuuliza jambo moja tu. Watu wa kuwaachia ghala wamejaa mji huu. Wapo Wakenya, wapo watu wa Mwanza ambao hata majina yao hayajui. Kwa nini mimi?

Alifikiri. Nilimwona anatafuta jibu la kweli, na heri angetafuta la uongo.

"Wengine wangeleta maneno, mjomba. Wewe huna neno."

Nimeitwa mengi maishani. Mama Neema ananiita gunia la masihara, na ana haki. Lakini hili la kutokuwa na neno nililibeba miaka yote kama cheo. Mtu wa watu. Mtani wa kila mmoja. Kumbe kuna aliyenipima upole wangu, akaona unafaa kuwekewa mzigo usiouzika.

Asubuhi nimekwenda kutazama. Safu yote iko chini. Ukisimama barabarani sasa unayaona maji, na nimegundua kijito kina kona nzuri pale nyuma ya lilipokuwa ghala langu. Miezi yote hiyo sikuwahi kuiona. Yangeyange mmoja alikuwa amesimama juu ya matofali yaliyovunjika, amehamia kabla miti haijapandwa. Huyo angalau alipewa taarifa.

Nimekaa hapa nikipanga maneno ya kesho. Ningeweza kumwambia mzee mambo ya kweli matupu: kijana hanywi, ni mchapakazi, Kichina anakisema mpaka wenyewe wanageuka. Kila neno kweli. Lakini lile duara nalo lilikuwa la kweli, tena kubwa, jekundu, wazi kwa kila mwenye macho. Tatizo lilikuwa aliyenisomea. Sasa mzee wa Singida hawezi kumsoma kijana aliyeko huku. Ananitegemea mimi nimsomee.

Sitamfanyia mzee wa watu nilivyofanyiwa.

Nimemtumia Elia ujumbe. Aje kabla ya ibada. Atampigia mzee yeye mwenyewe, amweleze habari ya ghala kwa mdomo wake, nami nimekaa pembeni kimya. Akimaliza, nitachukua simu nijibu lile swali.

Mpaka sasa hajajibu. Simu naitazama kama sufuria ya maharage.

Je, ningempa Neema? Wiki iliyopita ningejibu huku nacheka. Leo najua hivi tu: akija na kusema, huenda nikapata nguvu ya kusema ndiyo. Asipokuja, mzee atakuwa ameshajibiwa.

Ugali nitapika wa watu wawili.