Nilivyofukuzwa Kwenye Vitumbua

Nachingwea

Dada Mwanaidi,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba mdogo wako nimefukuzwa kazi. Tulia, usimwite mama! Ualimu bado ninao. Nimefukuzwa kukaanga vitumbua.

Huku hatujambo, tunanawa mikono mpaka inachubuka. Kifua cha mama kimepungua? Na wewe bado unagombana na mbuzi wa jirani, au corona imewapatanisha?

Toka shule zifungwe nimekaa tu barazani, na mshahara unaingia kama kawaida. Wifi yako Somoe alikuwa akiuza vitumbua pale getini shuleni kwetu. Wanafunzi walipoondoka, kipato chake kikaondoka nao.

"Baba Zuhura," akaniambia, "ugonjwa ni huo huo mmoja. Wewe umekupa likizo, mimi umenifukuza."

Yeye na wenzake wa kikundi wakaomba ule mkopo wa halmashauri wa akina mama, usio na riba, ili wasambaze vitumbua majumbani kwa bodaboda. Ikabaki kukaguliwa tu.

Asubuhi moja Somoe akaenda kwao Narung'ombe kuchukua mchele. Wenzake walikuwa mitaani na oda, jiko nikaachiwa mimi. Ndipo akatokea afisa maendeleo ya jamii, mama mmoja mkali. Kwenye mradi wa wanawake kakuta mwanamume kajifunga kanga!

"Ahaa! Ndio ninyi mnaojificha nyuma ya majina ya wake zenu. Mwalimu mzima! Mkopo hapa hakuna."

Nikajieleza, wapi! Vitumbua navyo vinaungua. Mara Somoe akashuka kwenye bodaboda, akajitwika kiroba chake, akaja kuchungulia kikaango.

"Afisa, hebu onja, kisha useme kama huyu ndiye mwenye mradi."

Akaonja, akatema. "Huyu ni hasara ya mradi."

Mkopo wameupata. Mimi naosha vyombo.

Nisalimie shemeji yangu fundi baiskeli, na shangazi yetu mkulima wa alizeti, mwambie bado sijanenepa.

Watu hapa nimewaambia niliunguza makusudi. Wewe nikwambie ukweli. Kabla hajaonja, afisa alinigeukia: "Mwalimu, mradi huu ni wa nani?" Mdomoni lilishafika "wetu", neno la kutosha kuua mkopo. Mwenye mshahara mimi, mwenye nyumba mimi, lilikuja lenyewe. Nikamwona Somoe kasimama, kiroba kichwani, ananitazama bila kupepesa.

"Ni wa akina mama, afisa," nikasema. "Mimi nawaunguzia tu."

Ndipo akashusha mzigo.

Mdogo wako,
Ramadhani