Jogoo Hana Ndoa

"Jogoo hana ndoa," ndivyo alivyosema mjomba wangu mbele ya watu wote barazani kwa Huseni, na alipokwisha kusema hivyo wanawake wakaanza kutoa nje mikeka ya Somoe, mke wa Huseni, na mimi nilikuwapo nimeshika bakuli la mafuta ya ufuta na sikusema ninalolijua, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia wewe mshauri wa gazeti, nisamehe nimeanza katikati kabla ya salamu, shikamoo, mimi nimesoma darasa la pili tu na hata kwa mdomo si msemaji, naomba uniambie la kufanya kabla mwezi ujao haujaisha.

Mjomba wangu, mzee Likwata, ndiye fundi wa mifupa huku kwetu, watu wanamfuata kutoka mbali, na ndiye aliyenilea, mimi kazi yangu ni kumshika mgonjwa mabega akivutwa, na kuchonga mabanzi ya mwanzi, na kupaka mafuta. Akiletwa mtu aliyevunjika mjomba anapapasa amefumba macho mpaka ncha za mfupa zikutane, anafunga mabanzi, halafu siku ileile tunamvunja kuku mahali palepale, mguu kwa mguu, mkono kwa bawa, mwanamume anavunjiwa jogoo na mwanamke tembe, na kuku naye anafungwa vijiti vyake anawekwa chini ya tenga, na mgonjwa hafunguliwi mabanzi mpaka kuku akanyage. Na tena kuna mwiko, mke wa mgonjwa asiwe na mwanamume mwingine, akiwa naye mfupa hauungi.

Huseni ni mpasua mbao, yeye anavuta msumeno juu ya gogo na mwenzake Valentini yuko shimoni. Wiki ile watu walipokwenda Kilwa Masoko kwenye sherehe za kutawazwa Malkia wao wawili walibaki wamalizie gogo la mvule, likabingirika, likampiga Huseni muundi wa kulia, mifupa yote miwili, mjomba alipopapasa niliisikia inasagana. Tukamfunga, tukamvunja jogoo mwekundu wa kishingo, shingo haina manyoya, tuliyempata kwa mama yangu, na mimi nikawa nashinda kwa Huseni kila siku kumtazama mguu.

Sasa siku ya ishirini asubuhi nakwenda kumpa jogoo maji nakuta tenga limelala ubavu, manyoya tu na vijiti, kicheche kamla, na kosa ni langu kwa sababu sikuweka jiwe juu ya tenga. Niliogopa sana kwa kuwa mjomba husema kuku wa mgonjwa akifa mfupa unaoza. Kwa mama kulikuwa na jogoo mwingine, walianguliwa pamoja na yule, mwekundu vilevile, kishingo vilevile, nikamchukua mama yuko shamba, nikamfunga vijiti vya mwenzake mguu wa kulia nikamfunika na tenga. Sikumvunja. Nilimshika mguu mara mbili nikashindwa, nikasema nitamvunja kesho. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ambayo mjomba hutazama kuku, akamfungua, jogoo akakimbia mpaka jalalani.

Mjomba alicheka kwa furaha akasema Huseni ana damu nzuri, tukaenda kumfungua mabanzi siku ileile, siku ya ishirini na moja. Huseni akasema, "Mzee, bado unaniuma kwa ndani." Mjomba akamjibu, "Jogoo hajalalamika, wewe mwanamume unalalamika?" Watu wakacheka, Huseni akaona haya, akasimama.

Baada ya siku kumi mguu ulikuwa umepinda kwa nje chini ya goti, sasa ni mfupi kwa vidole vitatu, akitembea nyonga inapanda na kushuka, juu ya gogo hawezi tena kusimama, na Valentini ametafuta mpasuaji mwingine.

Ndipo tukaitwa barazani. Mjomba akasema hawa wawili walifungwa siku moja na mikono hiihii, kuku kapona, mtu hajapona, tofauti iko wapi? Valentini akasema, "Mzee Likwata, huyo jogoo ana majike mtaa mzima na kapona." Watu wakacheka, na mjomba akangoja wamalize, akasema, "Majike anayo. Jogoo hana ndoa. Huseni anayo." Hapo hakucheka mtu.

Mama yake Huseni akasema Somoe alionekana mara mbili kwa Bakary fundi cherehani. Somoe akasema alipeleka kitambaa cha nguo ya mtoto, mara ya pili akaenda kuichukua, na nguo yenyewe mtoto kaivaa, itazameni. Akasema leteni msahafu niape. Mama mkwe wake akasema, "Mwongo haogopi kuapa." Basi Somoe akanigeukia mimi, akasema, "Mdogo wangu, wewe umeshinda hapa kila siku. Umeniona nikienda wapi? Waambie." Na mimi nilikuwa nimemwona, nilimwona akiteka maji, akimsafisha mumewe kama mtoto mchanga, akilala amekaa ameegemea ukuta ameushika ule mguu usigeuke. Nikatazama ndani ya bakuli nikasema sijui. Akasema, "Haya."

Sasa yuko jikoni kwa shangazi yake na mtoto, wanamngoja kaka yake Abdurahmani arudi kutoka kwenye mkonge mwisho wa mwezi ujao, ndiye atakayepokea talaka. Jogoo anatembea uani kwetu na mjomba anamwonyesha kila mgeni. Nikisema, mjomba amekwisha, na ndiye aliyenilisha, na ndugu zake Huseni watanivunja mimi. Nikinyamaza, labda Somoe ataolewa na mtu mwingine, bado kijana, na mambo yatapoa. Ninyamaze, au nifanye nini?

Ningeandika zaidi lakini mjomba ananiita, ameletwa mama mmoja kaanguka na mtungi kisimani, mtulinga umevunjika, ngozi imeinuka juu ya bega, natakiwa nikamate tembe wa kuvunjwa bawa, na mume wa huyo mama amekaa barazani anamtazama mkewe, kwa hiyo naondoka.

Mimi msaidizi wa fundi

MAJIBU YA MSHAURI

Marahaba, kijana. Majina nimeyabadili na kijiji nimekiacha. Jogoo sikuweza kumbadili, kazi hiyo uliifanya wewe.

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Uliogopa, na mtu aliyelelewa na mwingine huogopa maradufu, kila tonge analokula analiona usoni kwa mlezi. Hilo nalielewa. Tena kushindwa kumvunja kuku mzima mguu si dhambi, ningekuwa mimi ningeshindwa vilevile. Huruma yangu inaishia hapo.

Unaniuliza kama mambo yatapoa. Yatapoa kwa nani? Kwako yatapoa. Mjomba wako atapata wagonjwa wengine, na Huseni ataoa tena, maana ameshaambiwa kwamba mguu wake haukuharibika kwa kosa la mwanamume yeyote. Somoe hatapoa. Akiolewa kesho, mume mpya akijikwaa tu atatazamwa yeye. Na mtoto wake akikua ataambiwa mguu wa baba yake ulipinda kwa sababu ya mama yake. Wewe ulikuwa shahidi wake pekee, akakuita mdogo wangu mbele ya watu, ukatazama mafuta. Usiniandikie kwamba wewe si msemaji. Kurasa nne umezijaza.

Sasa nikwambie na jingine, huenda hukulijua. Dresa mmoja, mfunga vidonda aliyefanya kazi miaka mingi hospitalini, ambaye mimi humwuliza mambo ya namna hii, ameniambia muundi wa mtu mzima uliovunjika mifupa yote miwili huchukua miezi mitatu kuunga, na mara nyingine zaidi. Wa kuku hauchukui hata mwezi na nusu. Kwa hiyo hata yule jogoo wa kwanza, kama kicheche asingemla, angekanyaga mapema kuliko Huseni. Kosa lako ni lako, sikupunguzii, lakini mjomba wako ameongeza lake. Huseni alimwambia kwa mdomo wake kwamba unauma kwa ndani, akamwamini jogoo.

Fanya hivi. Usianze na mjomba, atakunyamazisha kabla hujafika katikati. Anza na mama yako, maana jogoo wake wawili wametoka na uani kwenu yuko mmoja tu, lazima amewahesabu, na hapo umepata shahidi. Kisha mwende pamoja kwa mwalimu wa msikiti, mchana, mumwombe awaite Huseni, mama yake, mjomba wako, shangazi yake Somoe, na Valentini pia, maana huyo ndiye pekee aliyesema neno la maana. Somoe naye awepo, asikie kwa masikio yake.

Huenda wasikuamini. Watasema umeona huruma, au mwanamke amekupa kitu. Basi usibishane. Jogoo yule bado yu hai uani kwenu, wewe mwenyewe umeandika. Achinjwe mbele yao, achemshwe, nyama itolewe, mfupa wa mguu wa kulia uwekwe mkekani pamoja na wa kushoto. Mfupa uliovunjika ukaunga huwa na kinundu pale ulipoungana. Mwombe mjomba wako aupapase, amefumba macho kama anavyofanya. Mikono yake haitamdanganya, na mbele ya watu wale hataweza kuidanganya yeye. Akikuta mfupa laini mwanzo mpaka mwisho, aseme mwenyewe, kwa kinywa kilekile kilichosema jogoo hana ndoa.

Huseni apelekwe hospitali ya Lindi. Sijui kama mguu utanyooka, wala usimwahidi. Yule mama wa mtulinga asifunguliwe kwa kumtazama tembe, afunguliwe bega likiacha kuuma, na ukiona mume wake ameanza kumwuliza maswali, sema siku hiyohiyo.

Huenda ukafukuzwa. Una mikono, na wapasua mbao wanatafuta watu. Huenda ukapigwa, na ndiyo maana nimekwambia mwalimu awepo. Na usitegemee Somoe akushukuru. Akikataa kurudi kwa Huseni hata baada ya kuombwa radhi, msimlazimishe wala msimshangae. Mtu aliyetolewa mikeka nje anajua sasa alikuwa akilala nyumba ya nani.

Gazeti hili litafika huko kwa lori, na yupo atakayelisoma kwa sauti dukani. Majina yamebadilika, lakini jogoo mwekundu wa kishingo anajulikana na kijiji kizima, na mjomba wako anaweza kula mchuzi wake jioni hiyohiyo. Basi sikucheleweshi zaidi. Ukimaliza mstari huu, au ukisomewa, ondoka, nenda uani ukamkamate. Hiyo ni kazi unayoiweza.