Vitumba vya mama mkwe

Shoga, acha ulichoshika. Mdogo wangu yamemfika.

Unaijua ile kaktasi ya mama mkwe wake, inayochanua mara moja tu, mwisho wa mwaka? Kabla ya kulazwa, mama alimwachia maagizo: kila jioni uifunike iwe gizani, na ikishaweka vitumba vya maua usiisogeze hata shubiri.

Miezi miwili kaifunika kama mtoto mchanga. Vitumba vikajaa. Jumapili wageni wakafurika, naye kwa kupenda sifa akaitoa dirishani, akaiweka mezani watu wapige nayo picha. Mimi mwenyewe nilipiga tatu.

Jumanne vitumba vyote chini. Vyote, shoga.

Sasa sikia. Kairudisha dirishani, kavibandika kwa gundi ya viatu. Kimoja kimoja.

Leo mama karudi, kashikwa mkono na mwanawe, shemeji yangu. Hata kukaa hajakaa, moja kwa moja dirishani. Kagusa kitumba, kikabaki kidoleni.

"Hii ni gundi?"

Kauliza kwa upole, shoga. Bora angetukana. Hii ni gundi?

Mdogo wangu magoti chini. "Nisamehe mama, niliisogeza. Mwakani itachanua tena, nitaitunza vizuri."

"Mwakani," mama akasema. Akamshika kichwa. "Haya mwanangu. Mwakani."

Shemeji, ambaye ndiye aliyeongea na daktari, akatoka nje. Mdogo wangu kanigeukia mimi niseme neno. Mimi, ninayeongea hata na ukuta, nikachukua kitambaa nikaifunika ile kaktasi.