Nimenunua Gari Lenye Turbo, Baba

Lukozi, Lushoto
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Shikamoo nyingine inatoka kwa mkweo Elia, na wajukuu zako wawili wanakuamkia kutoka kwenye meza hii hii ninayoandikia. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia Songea, au iliishia njiani? Na Mama Mdogo, presha yake imetulia? Huku mvua imetunyeshea wiki tatu mfululizo, ukungu unaingia mpaka jikoni, lakini hakuna anayeumwa, na viazi vimesimama vizuri shambani. Hatuna cha kulalamikia.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unaitunga mwenyewe. Hili nataka ulipate zima. Kizito, anayekusomea na kukuandikia barua, akusomee polepole, na akifika mahali utakapotaka kukasirika asisimame, aendelee.

Baba, nimenunua lile gari.

Sijasahau ulichoandika. Ulisema gari dogo lenye turbo ni la vijana wenye haraka ya kufa, na kwamba mama mwenye watoto atafute kitu kipole. Barua yako niliisoma mara mbili, na kwa siku kadhaa nilikutii. Lakini wewe hukuniona nilipoanguka na pikipiki ya ofisi mara ya pili. Nilikuwa nimebeba boksi la chanjo za ng'ombe, utelezi ukanichukua kwenye mteremko, boksi likaviringika bondeni na mimi nikabaki chini ya pikipiki, mguu karibu na ekzosi ya moto, mpaka wakaja akina mama wawili waliotoka kukata majani ya mifugo wakaniinua. Bega bado linanikumbusha nikinyanyua ndoo. Siku ile nilijiambia, afisa mifugo wa milima hii anahitaji gari linaloshika barabara kwa magurudumu yote manne, linalopanda likiwa na mzigo, lenye nafasi nyuma kwa ajili ya mtungi wa mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe na maboksi yangu. Yaani stesheni wagoni, zile gari ndefu nyuma.

Na kuna ukweli mwingine ambao hata Elia sikumwambia. Nilitaka gari linalokwenda. Mimi nimekulia kwenye lori lako, kati yako na tingo, nikiangalia miguu yako inavyocheza kwenye klachi pale milima ya Lukumburu. Ulimfundisha kaka kuendesha, mimi ukaniambia nishike chupa ya maji. Nilishika chupa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye miguu.

Nilianza kutafuta na Fundi Rajabu wa Lushoto mjini, mtu mpole asiyesema neno mpaka ainamishe kichwa kwenye injini. Gari la kwanza tulilifuata Tanga. Dalali alituapia kwamba halijawashwa tangu jana yake. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa, akaniambia, "Twende zetu." Boneti ilikuwa ya moto. Walikuwa wamelipasha kwanza ili tusisikie linavyogoma asubuhi. La pili lilikuwa zuri kwa macho, lakini tulipofungua mfuniko wa rejeta, maji yalikuwa na utando wa oili juu kama supu. Nilikata tamaa. Elia akafurahi kidogo, maana yeye alitaka pikapu ya kubebea kabeji.

Ndipo Fundi akanipeleka Magamba, kwa Mzee Shekiondo, bwana misitu mstaafu. Gari lake limekaa kwenye banda la mbao karibu na msitu, rangi ya kijani iliyokolea, limefunikwa turubai. Mzee mwenyewe alitoka akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho amemharibia jicho la kulia, na la kushoto linaona vivuli tu. Daktari alikuwa amemkataza usukani.

"Wamekuja wanne kabla yako," aliniambia baada ya salamu. "Wawili waliuliza linakimbia kiasi gani. Mmoja aliuliza habari za redio. Wa nne alitaka kulikata alifanye pikapu. Nimewafukuza wote. Wewe unauliza nini, mama?"

Nikasema, "Naomba nilisikie likiwaka likiwa limepoa."

Akacheka kidogo, akanipa ufunguo.

Liliwaka mara moja, bila moshi. Fundi akakagua oili, akakagua maji, akafungua bomba la hewa akashika lile feni dogo la turbo, linalosukuma hewa kwenye injini, kwa vidole viwili aone kama linalegea. "Limekaa," akasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Lakini Mzee hakutaka kuzungumzia mauzo bado. Alichukua koti lake refu na kofia, akakaa kiti cha mbele. "Tutashuka mpaka Mombo, kisha tupande. Kushuka nitasikiliza breki zako. Kupanda nitasikiliza mguu wako."

Fundi tulimwacha mjini. Kushuka kulikwenda vizuri, ingawa kona za chini ya Soni unazijua, ulizipita na lori lako ulipokuja kwenye harusi yangu. Nilipogusa breki mapema mno aliniambia, "Gia, mama. Gia kwanza." Mombo tukageuza. Hatujapanda mbali, kwenye kona moja tukakuta basi dogo limeegeshwa huku linatoa moshi mbele, watu wamesimama kando, na katikati yao bibi harusi, shela ameikusanya mikononi isiguse tope.

Nikasimama. Mama mmoja aliyekumbatia boksi kubwa jeupe akanijia mbio. Alikuwa shangazi wa binti. Wametoka Korogwe, ndoa inafungwa Mgwashi, mchungaji ana mazishi kijiji kingine mchana huo na amesema saa saba ikipita itabidi wasubiri wiki nyingine. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Ndugu wengine wote walikuwa wameshatangulia.

Nilimtazama Mzee. Gari halikuwa langu, na Mgwashi si njia ya Magamba, ukifika Soni unaacha lami ya Lushoto unashika njia ya Bumbuli.

"Unaniangalia mimi?" akauliza. "Mimi sioni. Wapakie."

Wakaingia nyuma watatu, bibi harusi aitwaye Upendo, msimamizi wake, na shangazi. Keki ilikaa kwenye buti, tukaizungushia koti la Mzee na magunia mawili. Na kwa kuwa buti la gari hili halina ukuta, Upendo alipiga magoti kwenye kiti, akageukia nyuma na shela yake yote, akanyoosha mikono akaishika keki.

"Dada, kimbia tu," akasema. "Nimeishika."

Baba, sasa ndipo nilipolijua gari. Ukikanyaga mafuta linanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu kinasikika kimluzi chembamba, halafu linakusukuma mgongoni. Mara ya kwanza niliogopa. Nilikanyaga tena katikati ya kona, likavuta wakati sikulitaka, na shangazi akaita jina la Bwana. Mzee alisema kwa utulivu, "Liambie mapema unachotaka. Halipendi kushtukizwa." Basi nikaanza kukanyaga kabla kona haijaisha, taratibu, na kona inapofunguka lilikuwa tayari.

Na yeye akaanza kunisomea barabara. Haoni, Baba, lakini njia ile ameipita miaka yote ya kazi, na iko kichwani mwake nzima. "Hii inafunga, punguza... Sasa inanyooka hadi kwenye daraja... Baada ya daraja kuna shimo kushoto, kama hawajaliziba." Hawakuwa wameliziba. Mbele yetu kulikuwa na lori la mbao linatambaa. Nilikaa nyuma yake kona mbili, nikijikataza kulipita. Kona ya tatu ilipoisha nikaona barabara tupu mbele, nikaliambia gari mapema, likapita lori lile kama limesimama. Nyuma yangu Upendo akapiga kigelegele huku amekumbatia keki.

Kutoka Soni kwenda Bumbuli na kuendelea, tope lilikuwa limelainika. Tulikuta magari mawili yamekwama, vijana wanayasukuma. Hapo kasi haikusaidia, magurudumu manne ndiyo yaliyosaidia, na mkono mwepesi. Mara moja liliteleza kuelekea bondeni, lakini sikubana breki. Niligeuza usukani kidogo nikaongeza mafuta kidogo, kama nilivyokuona ukifanya, likarudi njiani lenyewe. Kisha tukauona mnara wa kanisa.

Tulifika zimebaki dakika chache. Mchungaji alikuwa mlangoni, saa mkononi. Bwana harusi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa amejishika kichwa, akainuka akakimbia na suti yake kwenye tope. Tarumbeta zikaanza. Wanawake walifungua milango yote, wakamtoa Upendo, wakaitoa keki, imeumia kona moja tu ya chini, na wengine wakanivuta mkono nitoke nicheze.

Sikutoka. Nilikaa na mikono kwenye usukani, injini inanguruma polepole.

"Mbona huzimi?" Mzee akauliza.

Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa hazimi mara moja. Akifika nyumbani na lori alikaa ndani kwanza. Sisi watoto tulisimama nje tunamsubiri, yeye anatuangalia tu kwenye kioo, injini inawaka. Nilidhani amechoka sana, au anasali. Nilikuwa mtu mzima niliposikia kwa fundi kwamba alikuwa anaiachia turbo ipoe, maana ukizima ingali ya moto inaharibika."

Nilipozima, Mzee akasema, "Gari ni lako. Jumatatu uje na mtu wa kuandika hati ya mauzo."

Baba, naomba Kizito asome hapo tena. Turbo uliyonikataza, ni wewe uliyenifundisha kuitunza. Ulikuwa hujui kwamba unanifundisha, na mimi sikujua kwamba najifunza.

Tulikula pilau Mgwashi hadi Mzee akalegeza mkanda. Jumatatu alinipa kadi ya gari na daftari alilokuwa ameandika kila siku aliyobadilisha oili, kwa mwandiko wake, mpaka kurasa za mwisho ambapo herufi zimekuwa kubwa na zinapanda juu ya mistari. Nilimwambia nikipita Magamba nitampigia honi. Akasema, "Usihangaike. Nitalisikia."

Sitaki udhani kila kitu ni asali. Siku ya tatu nilisikia harufu ya oili ya kuungua, nikadhani nimekwisha. Kumbe ni mpira mmoja wa kupitisha oili umepasuka, Fundi akaubadilisha kabla ya chai ya saa nne. Linakunywa mafuta kuliko nilivyopenda, na linataka oili nzuri, halikubali kubahatishiwa. Na Elia siku ya kwanza alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, akauliza, "Kabeji zitakaa wapi? Zitafungwa mkanda?" Ijumaa nilimwonyesha jinsi viti vya nyuma vinavyolala, tukapakia magunia ya mbegu za viazi, likapanda mpaka shambani bila kulalamika. Tuliporudi nyumbani aliniomba ufunguo, akaondoka nalo. Alichelewa kurudi. Aliporudi alisema alikuwa anakagua breki.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote, leo nilimpeleka kanisani akiwa mbele. Alishika ule mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili njia nzima. Tulipofika akakaa tu. Nilidhani ameshindwa kufungua mlango, kumbe naye alikuwa anasubiri injini ipoe. Akaniambia, "Hongea," ndivyo wanavyoshukuru huku, akashuka na kanga yake bila kuguswa na tope.

Kazini nafika vijijini mapema na bila majeraha. Wiki hii ng'ombe wa mjane mmoja alikwama kuzaa, nikafika wakati, ndama yupo na mama yake yupo. Nikirudi nyumbani nina nguvu za kuwasikiliza watoto. Nimeridhika, Baba. Sikumbuki mara ya mwisho kukuandikia neno hilo.

Nisalimie Mama Mdogo aliyenilea kama wa tumboni. Msalimie kaka mkubwa, na umwambie kwamba sasa tunaweza kuongea kama madereva wawili. Wasalimie shangazi wa Peramiho, mke wa kaka na watoto wake, na jirani yetu fundi seremala aliyenitengenezea kitanda cha harusi. Kizito namshukuru kwa kusoma, na akusaidie kunijibu, hata kama ni kunigombeza.

Tukishavuna viazi tutakuja Songea wote wanne, na kurudi tutarudi watano. Nataka ukae nasi huku mpaka goti lichoke kulalamika. Utakaa mbele, kushoto, karibu na dirisha, na chupa ya maji nitamwachia tingo wangu mdogo kule nyuma. Najua hujawahi kupandishwa mlima na mtu mwingine tangu ukiwa kijana, na najua mguu wako utataka kufanya kazi. Kwenye kona yoyote utakayoiogopa, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, Baba. Upande wako haipo.

Ni mimi binti yako,
Agnesi