Maji ya Saa Kumi

Kaka,

Cherehani imepona, nimebadilisha mkanda mwenyewe. Jana alikuja mtafiti anayetuhoji sisi watu wazima wenye usonji. Akauliza, "Nani anakutunza?" Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyemtunza mama miaka miwili: dawa, kucha, kuoga. Akasema fomu haina nafasi ya jibu hilo.

Sikumlaumu, maana hata wewe hukuliona. Siku ya mazishi ya mama nilikusikia ukimwambia shangazi, "Huyu halii, hajui uchungu." Nilikuwa nahesabu vifungo vya shati nililokushonea, nisije nikaanguka.

Kila saa kumi jioni bado napasha moto maji yake ya kuoga. Naketi kando ya ndoo mpaka yapoe, ndipo namwaga.

Mimi mdogo wako, niliyebaki na mama