Umeme Uliokataa Kupanda Mlima

Bauma, ndugu yangu,

Mke wako ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alinikuta dukani nikibishana na wewe kwa sauti juu ya mkanda wa mashine, na mteja amesimama na sabuni mkononi, hajui kama anaambiwa yeye. Mama Neema akasema, "Papa Kambale, unafukuza batu. Kama uko na maneno ya kumwambia, andika."

Basi naandika. Unanijua, mimi ni mtu wa Butembo, mkono wangu umezoea kuandika bei za vitu, si habari za moyo. Utanivumilia nikichanganya.

Kwanza habari ya mashine, maana najua njo kitu utakachouliza hata kabla ya kuuliza watoto. Mashine iko nzima. Lakini imesafiri. Ilipanda mlima, ikashuka.

Ile homa ilipokuchukua kule Walikale tulikokimbilia vita, tulibaki kwa wenyeji mpaka risasi zilipopungua huku. Kisha tukarudi Nyabiondo. Duka langu halikuwa na paa. Maharagwe yako yalikuwa yamevunwa na watu wasioyapanda. Tukashuka mtoni tukijua hatutakuta kitu, na gurudumu lako la maji lilikuwa pale linazunguka polepole, peke yake, kama ng'ombe anayecheua. Mama Neema akakaa kwenye nyasi akalia. Kule Walikale hakulia, Bauma. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Mimi nikaenda kukagua dinamo, ili asinione uso.

Unajua nilivyoicheka mashine ile. Ulipokuja na mabati ya lori lililoungua, na dinamo ya lori lilelile, nilikuambia uyauze kabla hayajapata kutu. Ukanijibu, "Kambale, weye iko na akili ya duka tu." Kisha mchana gurudumu likaanza kusaga mihogo, jioni likawasha taa na kujaza simu, na mimi nikawa wa kwanza kuleta simu yangu. Ulinipangisha mstari kama mtu wa kawaida!

Na kile kibao chako: KARIBU BATALII. Katikati ya vita! Nilikuuliza watalii gani, wenye kupita hapa wote wamebeba magodoro kichwani. Ukasema, "Vita itaisha, na batu batakuja kuona fasi bankambo balikuwa banayeyusha chuma." Kila Jumamosi ukafagia njia ya kwenda kwenye ile tanuri ya zamani ya mababu. Mgeni pekee niliyemwona akiingia kwa kibao chako alikuwa ng'ombe wa wauza maziwa wa Muheto, akala maua yote uliyopanda. Ulimgombeza kwa Kifaransa. Nilipokuuliza kwa nini Kifaransa, ukasema mgeni ni mgeni.

Sasa sikiliza safari ya mashine.

Kuna komanda aliyeweka kambi yake juu ya kile kilima kilichopita tanuri yako. Sitamtaja jina, hata kwako. Siku moja alishuka yeye mwenyewe, simu imezima mkononi. Akatazama gurudumu. Akatazama ile taa ya mlangoni inayowaka mchana kweupe, maana Mama Neema hakubali kuizima. Akasema, "Hii mashine inapanda kwetu."

Wakati huo watu walikuwa wanarudi kutoka porini hawana kitu isipokuwa mihogo, na mashine yako njo ilikuwa inalisha hata wale waliolala kwenye madarasa ya shule. Nikajaribu. Nikasema, "Afande, mashine inatembea na mayi."

"Mayi tutaleta."

"Mayi yenye kutelemuka, Afande. Ya mto."

Akaniangalia kama mtu anayejiuliza kama anafundishwa. Nikarudi nyuma hatua moja. Mama Neema hakurudi nyuma. Aliweka ungo wake chini, akasema, "Mubebe yote, Papa. Lakini musisahau kubeba na mto."

Bauma, nilikwisha kuitazama njia ya porini. Askari wake wakacheka, komanda akageuka, wakaacha kucheka. Kisha akaninyooshea mimi kidole. "Weye njo fundi. Isipowaka, tutajua ni weye umeiharibu."

Mimi fundi! Mimi uliyenifukuza pale mtoni kwa sababu niliita dinamo "kile chungu"! Waliifunga mashine juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, wengine wakivuta mbele na wengine wakisukuma nyuma, na mimi nafuata nikiwa nimekumbatia nyaya, nasali rozari bila rozari. Tulipita mbele ya kibao chako. Hakuna aliyekisoma.

Juu kule usiniulize niliunganisha nini na nini. Nilipandisha gurudumu juu ya magogo, nikavuta mkanda, nikafunga taa, nikasema iko tayari. Askari mmoja akamwaga bidoni ya maji. Gurudumu likageuka kidogo, likasimama kama linafikiri. Taa haikusema kitu. Komanda akaniangalia.

Ndipo nilipojua lazima nisaidie jambo lisilowezekana. Nikasema, "Mingi, na kwa pamoja, na kutokea juu." Wakaleta benchi, wakapanda wenye nguvu, wakamwaga wote mara moja. Gurudumu likazunguka! Taa ikawa nyekundu kama ncha ya sigara! Kambi nzima ikapiga kelele, komanda akachomeka simu yake kwa haraka, simu ikasema "ti". Maji yakaisha. Taa ikafa, simu nayo.

"Mayi!" akasema komanda.

Wakashuka mtoni na mabidoni. Wakapanda. Wakamwaga. "Ti." Wakashuka. Unaijua njia ile inavyoteleza. Wengine walifika na bidoni nusu, wengine walifika na matope tu. Kule chini wanawake walikuwa wameacha kutwanga ili waangalie. Nilimwona Mama Neema amekaa juu ya jiwe, mikono kwenye magoti, kama mtu aliye kwenye mechi ya mpira.

Mwishowe mmoja wao, baba mkubwa mwenye ndevu, alitupa bidoni yake, akakaa chini akapumua mpaka nikamhurumia. Akasema taratibu, "Shefu, siyo muzuri tushushe simu kwa mayi, kuliko kupandisha mayi kwa simu?"

Hakuna aliyecheka. Hapo niliogopa kweli, ndugu yangu. Mkubwa aliyeaibishwa mbele ya watu wake hutafuta mahali pa kuitua aibu, na mimi nilikuwa karibu kuliko wote, tena nimeshika waya. Nikaona nisipoongea kwanza, sitaongea tena. Nikatoa ile sauti yako, ile ya kupokea wageni. "Afande, hii ni mashine ya bonde. Kwa altitide, huku juu sana, inashindwa kupumua."

Akafikiri. Akaitazama mashine, akatazama mawingu.

"Njo vile nilikuwa nawaza," akasema. "Altitide."

"Altitide, Afande."

Akaamuru ishushwe. Na aliwaonya waibebe polepole kwa sababu ni mgonjwa! Hawakuiweka hata kwenye chukudu, waliibeba kwenye machela, ile ya majeruhi. Mimi nilitembea nyuma, na nilipofika kwenye kona ambapo hawanioni nilikaa nikacheka mpaka nikalia. Nikasema, "Bauma, umeona?" Njo siku hiyo nilianza kuongea na wewe kwa sauti.

Mama Neema aliipokea kama aliyerudishiwa sufuria yake. Akaikagua. Akasema, "Bulo moja ya kukaza gurudumu haiko." Wakarudi kuitafuta, Bauma, wakaileta. Kisha akawapa sheria: mwenye kutaka kujaza simu asafishe kwanza mfereji, maana ng'ombe wa Muheto wameuvunja kingo tena. Walisafisha. Hawakusafisha kwa furaha, na wengine walisafisha huku wakitutukana, lakini maji yalipita, na mihogo ikasagwa.

Wale waliondoka, wakaja wengine, maadui zao. Na wao wana simu. Kuna siku ya soko simu za pande zote mbili zilikuwa kwenye ubao wako wa kujazia simu wakati mmoja, zimetumwa na watu wasiojuana. Niliziangalia zimelala pamoja hapo, zikijaa kutoka mto mmoja. Nikazigeuza kifudifudi, zisionane.

Usifikiri vita imeisha. Juzi tena tumelala porini, na ile miti uliyopanda juu ya chemchemi wameikata kiasi kwa ajili ya makaa. Nilikasirika, kisha nikamkuta aliyekata: mama mwenye watoto wengi na hana shamba. Ningemwambia nini? Tumekubaliana akate matawi tu, na mimi nimpe miche. Miche natoa wapi, sijui bado. Wewe ungejua.

Lakini watalii wamekuja.

Usiruke. Si wazungu. Ni watu wa Muheto na wa Kingi, wanakuja siku za soko na kusema, "Mutuonyeshe kilima kwenye kuran ya taa ilikataa kupanda." Kambi imehama, basi nawapeleka. Wanagusa magogo, kila mara kuna mmoja anayejifanya komanda, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na kwa kuwa njia inapita kwenye tanuri yako, Mama Neema anasimama pale na ufagio, na hakuna anayepita bila kusikiliza habari ya bankambo na chuma. Anaieleza kwa urefu ule ule wako. Nilimwambia afupishe, hataki.

Mzee mmoja wa Kingi hakucheka. Aliinama akaokota kipande cha ule mrija wa udongo wa kupulizia moto, akakigeuza, akasema babu yake alifua majembe, na yeye mwenyewe alilimia jembe la babu mpaka lilipokwisha. Alidhani hakuna aliyebaki wa kukumbuka kazi ile. Alikaa pale muda mrefu. Mama Neema akamletea maziwa. Nilitaka sana umwone.

Sasa jambo langu la mwisho. Pale tulipokulaza Walikale ni pa mteremko, na siku ile tulizika haraka, hata mawe hatukupanga vizuri. Kila mvua kubwa inaponyesha huku nakaa macho nikifikiria udongo wako unavyotelemuka, wewe uliyetusumbua wote tulime kwa kukinga mteremko. Njia ikifunguka nitakuja na mke wako na Neema. Tutapanda mistari ya matete juu ya kichwa chako, kwa kufuata usawa wa kilima, na nitapima kwa kamba, si kwa macho. Hilo nakuahidi.

Tulia huko, Bauma. Udongo ukushikilie kidogo, tunakuja.

Rafiki yako,
Kambale