Tangazo Nililobandika Ijumaa

Kaloleni, Nairobi
4 Machi 2025

Kwa dada yangu Fatu,

Salamu nyingi, na pole kwa kushtushwa na barua baada ya miaka sitini na mmoja. Mimi ni mzima, ila presha na magoti. Wewe je, afya yako? Barua hii nampa Junaid, mtoto wa kaka yako mwenye duka Majengo, akuletee Mombasa.

Fatu, kuna vijana hapa wanaandaa maonyesho ya matangazo ya santuri za zamani, na wamelipata letu. "Vijana wa Nairobi, roki mpya imefika!" Wewe na mimi, miaka kumi na sita, tunacheza, nywele zako wazi mpaka mabegani. Wanataka kulikuza. Nimewakatalia mpaka nisikie kutoka kwako.

Nina jambo limenikaa kooni. Yule wakala wa santuri alitupa matangazo, akatuambia tuyabandike panapopita watu wengi. Mimi Mkristo wa watu nikachukua uji wa unga, nikalibandika ukutani mwa duka mkabala na msikiti wenu, Ijumaa asubuhi. Nilijisifu kabisa kwa kupata mahali pazuri. Wanaume wakatoka kuswali, baba yako mbele. Jumatatu nikasikia umepelekwa Mombasa, na baadaye kwamba umeozwa. Ni mimi niliyekufukuzisha kwenu. Nisamehe.

Dada yako,
Nzisa


Kaloleni
29 Aprili 2025

Fatu,

Hujambo? Idi imepita, Pasaka imepita. Junaid anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma, ukanyamaza. Sikulaumu. Vijana nimewaambia watafute picha nyingine.

Sijui kama bado naweza kujiita dada yako.

Nzisa


Kibokoni, Mombasa
12 Mei 2025

Shoga yangu Nzisa,

Nakusalimu sana, pamoja na hayo magoti. Mimi ni sukari, na jicho limepasuliwa, nikakatazwa kuandika. Mjukuu angeniandikia, ila nami nina langu la siri.

Kwanza, la baba. Alilibandua mwenyewe, polepole lisichanike, akalileta nyumbani. Mama analia. Baba akalitazama weee, akasema, "Siku nyingine mfunge nywele, halafu ndiyo mpigwe picha." Basi. Akaliweka pamoja na vyeti vyake. Mombasa nilikuja kumuuguza bibi, na mume nilimchagua mwenyewe, Mungu amrehemu, aliipenda roki kunishinda.

Sasa langu. Sketi niliyovaa kwenye picha ilikuwa ya mama yako, ya kanisani, uliyoniazima kwa siri. Niliondoka nayo. Nilijua utachapwa, nikaona haya kukuandikia, na haya ile ikazeeka nami. Kumbe tulikuwa tunakimbiana wawili! Nimecheka mpaka mkwe wangu akaja kuniangalia, kisha nikalia.

Waambie walikuze.

Dadako,
Fatu


Kaloleni
20 Mei 2025

Kwa dada yangu Fatu,

Hujambo na jicho? Mimi leo hata magoti hayaumi. Nimewapigia wale vijana simu kabla sijamaliza kusoma.

Kweli nilichapwa. Nilimwambia mama imeibwa kwenye kamba. Sikukutaja, maana niliona hata sketi kumi zisingetosha kukulipa.

Nimepumua, Fatu. Njoo ukae nami mwezi mzima.

Dada yako,
Nzisa